Kufufua Tela la Kambi la Zamani: Mwongozo kwa Mnunuzi na Mtengenezaji wa Nyumbani

Kila mwaka baridi inapoanza kupungua, matangazo ya matela ya kambi yaliyotumika huanza kuonekana kando ya barabara na katika mitandao ya kijamii. Mengi kati yake ni yale yanayokunjuka, ambayo Wamarekani huyaita popapu: sanduku pana lenye magurudumu mawili, paa linaloinuliwa kwa winchi ya mkono, na vitanda viwili vinavyovutwa nje, kimoja mbele na kimoja nyuma, chini ya turubai. Familia nyingi za wasemaji wa Kiswahili walioko hapa Marekani zimeanza kuyanunua, na sababu yake ni rahisi kueleweka. Hoteli kwa watu sita ni ghali, hema halina sakafu, na tela kuukuu hupatikana kwa bei ya jokofu jipya.

Teknolojia yenyewe si ngeni wala si ya ajabu. Kampuni ya Jayco ilianzishwa mwaka 1968 katika mji wa Middlebury, Indiana, ikitegemea mtambo wake wa kuinua paa la matela ya aina hii, na kwa miaka mingi matela yenye jina la Coleman yaliundwa Somerset, Pennsylvania. Mitambo mingi iliyoundwa miongo kadhaa iliyopita bado inafanya kazi, na vipuri vyake bado vinauzwa. Kwa hiyo hatumkatazi mtu kununua tela la zamani. Tunamwomba tu azingatie mpangilio wa kazi.

Lalamiko moja lililotufikia linaonyesha tunachokusudia. Familia ya watu sita ilinunua tela kwa dola 1,200 taslimu, katika uwanja wa kuegesha magari, kutoka kwa mtu aliyesema analiuza kwa niaba ya shemeji yake. Walilipaka rangi ndani, wakashona mapazia mapya, wakanunua magodoro. Siku ya kwenda kulisajili ndipo walipoambiwa kwamba jina lililo katika hati ya umiliki si la muuzaji wala si la shemeji. Wiki mbili baadaye mguu wa mtoto ulizama katika sakafu karibu na mlango. Walianza na mapazia, ilhali walipaswa kuanza na hati, kisha sakafu.

Hati kabla ya bisibisi

Kabla ya kutoa fedha, mpigie simu au mtembelee afisa wa usajili wa vyombo vya moto katika jimbo lako na uulize ni nyaraka zipi zinazotakiwa. Jambo hili haliepukiki kwa sababu sheria hutofautiana. Baadhi ya majimbo hayatoi hati ya umiliki kwa matela mepesi au ya zamani sana, na badala yake hukubali hati ya mauziano pamoja na cheti cha usajili cha mwenye tela. Mengine hayakubali chochote pungufu ya hati kamili ya umiliki. Muuzaji akikuambia kwamba tela la namna hii “halihitaji makaratasi”, huenda anasema kweli kwa jimbo alikolinunua na anakosea kwa jimbo unakoishi wewe.

Jina lililo katika hati liwe lile lile lililo katika kitambulisho cha mtu unayemkabidhi fedha. Iwapo hati imetiwa sahihi na mtu mwingine zamani na haikupata kuandikishwa kwa jina la muuzaji, umekutana na umiliki ulioruka mtu mmoja, na mzigo wa kumtafuta mwenye hati utakuwa wako. Angalia pia kama hati inataja benki au mkopeshaji anayelidai tela hilo.

Namba ya utambulisho huwa katika bamba dogo upande wa mbele wa tela, na mara nyingi huchongwa tena katika chesisi. Soma zote mbili, uzilinganishe na hati herufi kwa herufi. Tangu magari na matela ya mwaka 1981, namba hiyo ina tarakimu na herufi 17, na ile ya kumi hutaja mwaka wa modeli: S ni 1995, X ni 1999, Y ni 2000, na 1 ni 2001. Tumeona tangazo la “tela la 2001” ambalo namba yake ilikiri kuwa ni la 1995. Taasisi ya NICB ina huduma ya bure katika mtandao, iitwayo VINCheck, inayoonyesha kama chombo kimeripotiwa kuibwa au kufutwa na kampuni ya bima baada ya ajali au mafuriko. Itumie ukiwa bado nyumbani.

Kuhusu malipo tunasema kwa ufupi. Asiyekubali ulione tela, anayetaka amana kwa kadi za zawadi au kwa uhamisho wa fedha, au anayedai kwamba kampuni ya kati italishika tela hadi ulipe, huyo hauzi tela. Mripoti katika ReportFraud.ftc.gov hata kama hujapoteza senti.

Maji

Wanunuzi wengi huchungulia kutu. Kutu huonekana, na mara nyingi hutibika kwa brashi ya waya na rangi. Kinacholiua tela ni maji yaliyoingia kimya kimya kwa miaka kumi katika mbao nyembamba zilizofichwa nyuma ya bati na plaiwudi.

Nenda kulitazama siku moja baada ya mvua, ikiwezekana. Nusa kabla ya kutazama: harufu ya ukungu haifichiki kwa urahisi, na harufu kali ya manukato ndani ya tela lililokuwa limefungwa ni swali linalohitaji jibu. Rangi mpya ndani ya tela la zamani ni swali jingine. Kanyaga sakafu yote kwa kisigino, hasa karibu na mlango, chini ya sinki na katika pembe nne. Sakafu nzima hujibu kwa sauti kavu, iliyooza hunesa. Kisha lala chini ya tela na tochi na bisibisi, ubonyeze mbao pembezoni. Bisibisi ikizama bila nguvu, muuzaji atakuwa ameiona sawa na wewe, na bei ianze kuzungumzwa upya.

Mbao zilizooza hazifunikwi. Tumeona mafundi wa nyumbani wakiweka plaiwudi mpya juu ya ile iliyooza, na baada ya msimu mmoja yote mawili yakawa uji. Kata mpaka ufikie mbao ngumu na kavu, hata kama tundu litakutisha kwa ukubwa wake. Viungo vya paa vizibwe kwa utepe wa butili na gundi iliyotengenezwa kwa ajili ya matela. Silikoni ya bafuni haifai hapo, kwa kuwa baada yake hakuna gundi nyingine inayoshika vizuri, na atakayelirekebisha tena tela hilo, pengine wewe mwenyewe, atatumia siku nzima kuikwangua.

Turubai lisugulwe kwa brashi laini na sabuni isiyo kali. Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe hudhoofisha uzi wa mishono na kuondoa kinga ya maji. Ikiwa turubai limechanika sana, uliza bei ya jipya kabla ya kununua tela, kwa sababu linaweza kuzidi bei ya tela lenyewe. Na ukilazimika kulikunja likiwa limelowa, lifungue tena ukifika nyumbani. Wakala wa Mazingira wa Marekani, EPA, hushauri vitu vilivyolowa vikaushwe ndani ya saa 24 hadi 48 ili kuzuia ukungu.

Paa

Mwombe muuzaji alifungue tela lote mbele yako, aliinue paa hadi mwisho, avute vitanda vyote viwili, kisha alifunge. Kazi hiyo huchukua nusu saa. Akisema kwamba mtambo unafanya kazi ila leo hana muda, hesabu kwamba haufanyi kazi. Pembe moja ya paa ikichelewa kupanda kuliko nyingine, waya mmoja umelegea au unakaribia kukatika.

Hapa pana hatari ambayo wengi huidharau kwa kuwa paa huonekana jepesi. Usiingize kichwa wala mkono chini ya paa lililoinuliwa kwa winchi unayoishuku mpaka umesimamisha nguzo za mbao katika pembe zote nne. Waya wa kuinulia hukaa katika mvutano mkubwa, na ukikatika, paa hushuka papo hapo. Kubadilisha waya hizo ni kazi tunayopendekeza aachiwe fundi.

Magurudumu na uzito

Matairi ya tela hudanganya. Tela husimama uani miezi kumi na moja kwa mwaka, hivyo kashata za tairi hubaki ndefu kana kwamba limetoka dukani jana, huku mpira wenyewe ukizeeka kwa jua. Ubavuni mwa tairi tafuta maandishi ya DOT na usome tarakimu nne za mwisho: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Matairi ya ile familia yalisomeka 0907, yaani wiki ya tisa ya mwaka 2007. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na halifai hata kulivuta tela kutoka kwa muuzaji hadi kwako. Sisi tunashauri tairi la tela lililozidi miaka sita libadilishwe bila mjadala. Ununue yaliyoandikwa ST, yaani yaliyoundwa kwa ajili ya matela. Mengi ya aina hiyo hayakuundwa kwa mwendo unaozidi maili 65 kwa saa, isipokuwa pale ubavu wa tairi unapotaja mwendo mwingine.

Beringi zinahitaji grisi mpya kila baada ya miezi 12 au maili 12,000, na ni muuzaji mmoja kati ya wengi anayekumbuka mara ya mwisho alipoiweka. Zuia gurudumu moja kwa kabari, inua jingine kwa jeki, lizungushe na usikilize. Mlio wa kukwaruza ni beringi iliyokwisha. Baada ya matengenezo, simama maili kumi tangu uondoke na uguse kitovu cha kila gurudumu. Joto la kawaida si tatizo. Ukishindwa kuacha kiganja hapo, usiendelee na safari.

Bamba la tela hutaja uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa, tela pamoja na mizigo yake. Toa uzito wa tela likiwa tupu, na kinachobaki ndicho kipimo cha vyombo, magodoro, chakula na maji yako. Maji pekee huwa na uzito wa takriban pauni 8.3 kwa galoni, hivyo tangi la galoni 20 huongeza pauni 166, sawa na kilo 75, ambazo watu husahau. Kitabu cha gari lako kitakuambia kama gari linaweza kuvuta mzigo huo. Magari mengi madogo hayawezi, hata kama muuzaji amekwisha kukufungia kiungio. Panga mizigo ili asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote ikae katika shingo ya tela, kwani tela lililolemewa nyuma huanza kuyumba barabarani na kuliyumbisha gari. Minyororo ya usalama ipishane chini ya shingo, ili shingo ikichomoka iangukie juu yake badala ya kuchimba lami. Ulizia pia sheria ya breki: majimbo mengi huzidai kuanzia pauni 3,000, lakini California huzidai kuanzia 1,500, na safari ya wikendi inaweza kuvuka mpaka wa jimbo.

Gesi, na hewa isiyonuka

Sehemu hii tumeiandika kwa ajili ya wale watakaolala ndani ya tela.

Mtungi wa propeni una tarehe ya kutengenezwa, mwezi na mwaka, iliyochongwa katika ukosi wake. Miaka 12 ikipita tangu tarehe hiyo, mtungi hautakiwi kujazwa mpaka ukaguliwe na kugongwa muhuri mpya. Mtungi wa kawaida wa pauni 20 uwe na valvu ya kuzuia kujaa kupita kiasi, ambayo huitambua kwa mkono wake wa pembetatu. Tangu mwaka 2002 mitungi ya ukubwa huo isiyo na valvu hiyo hairuhusiwi kujazwa. Mara nyingi ni nafuu kununua mtungi mpya kuliko kubishana na wa zamani.

Badilisha mpira wa gesi na regulata bila kusubiri dalili. Paka viungo vyote maji ya sabuni, fungua gesi, na utazame mapovu. Usitumie kiberiti kutafuta uvujaji, hata kama jirani aliyefanya hivyo miaka yote yuko hai. Propeni ni nzito kuliko hewa: hutulia sakafuni, hujikusanya chini ya kitanda, na hungoja cheche. Kwa sababu hiyo king'ora cha gesi hufungwa chini karibu na sakafu, nacho kina tarehe ya mwisho ya matumizi iliyoandikwa nyuma. Buibui, kwa namna fulani, huvutiwa na harufu inayotiwa katika gesi, na utando wao ndani ya bomba la jiko au jokofu hufanya moto uwake kwa rangi ya njano na kutoa masizi. Moto safi ni wa buluu.

Masizi yanapoanza, kaboni monoksidi huwa imetangulia. Haina rangi wala harufu. Katika nchi hii huua watu zaidi ya 400 kila mwaka kwa bahati mbaya, mbali na vifo vya moto wa nyumba, na dalili zake za awali, yaani kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi mzito, hufanana na uchovu wa safari. Turubai halikulindi, watu wamekufa ndani ya mahema. Jiko la kupikia lisitumiwe kupasha joto chumba, mkaa usiingizwe ndani hata ukionekana umezimika, na jenereta iwekwe mbali, bomba lake la moshi likielekea upande usio na watu. Kipasha joto cha zamani kinaweza kuwa na ufa katika chuma kinachotenganisha moto na hewa ya ndani, ufa usioonekana bila kukifungua. Fundi mwenye leseni akikague, ama king'olewe. Fedha za mapazia zinatosha kununua king'ora kipya cha kaboni monoksidi kinachotumia betri, na tunaomba kinunuliwe kwanza.

Umeme, na wito wa kurejesha

Taa za tela zikigoma, anza na waya mweupe, ambao hurudisha umeme katika chesisi; mara nyingi umelegea au umeshika kutu pale ulipofungwa. Katika plagi ya kawaida ya waya nne, kahawia ni taa za pembeni na nyuma, njano ni kushoto, kijani ni kulia. Fyuzi inayoungua mara kwa mara haiponywi kwa kuweka kubwa zaidi.

Ingia katika tovuti ya NHTSA na utafute kama tela lako, matairi yake au vifaa vyake vimewahi kuitwa na mtengenezaji kwa kasoro ya usalama. Tafuta kwa jina la mtengenezaji, modeli na mwaka, si kwa namba ya utambulisho peke yake, kwa sababu matela ya zamani huenda yasionekane kwa namba. Kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2015, matengenezo ya wito huwa ya bure kwa chombo kisichozidi miaka 15 tangu kilipouzwa mara ya kwanza. Kwa matairi muda huo ni mfupi zaidi. Tela la umri mkubwa zaidi huenda ukalilipia, lakini angalau utajua unalala juu ya nini.

Fundi na karatasi zake

Ukiamua kumpa fundi kazi, adai makadirio ya maandishi yanayotaja vipuri na saa za kazi, na sharti kwamba hataongeza chochote bila idhini yako. Omba urudishiwe vipuri vilivyotolewa. Amana kubwa isiyo na risiti ndiyo chanzo cha malalamiko mengi kuliko ubovu wa kazi yenyewe. Weka katika bahasha moja hati ya mauziano, picha za tangazo kama lilivyokuwa, ujumbe ulioandikiana na muuzaji, na risiti zote. Ukija kwetu na bahasha hiyo, tunaweza kuanza kazi siku hiyo hiyo. Ukija bila hiyo, tutaanza kwa kuitafuta pamoja.

Usiku wa kwanza ulaliwe uani kwenu. Washeni kila kitu, mpike, mfunge madirisha kama mtakavyoyafunga porini, na mruhusu watoto wapande na kushuka vitandani mpaka wachoke. Kitakachoharibika, kiharibike hatua ishirini kutoka mlango wa nyumba.

Familia tuliyoitaja ilimpata mwenye jina lililo katika hati, mzee aliyekuwa akidhani tela lake lilikwisha kuvunjwa, naye akawatilia sahihi moja kwa moja. Sakafu iliwachukua wikendi tatu. Kipasha joto walikiuza kama chuma chakavu, na pale kilipokuwa sasa pana kabati la viatu.